Maua ya plastiki nayo yahitaji mikono

MAMA yangu mzazi alipoingia sebuleni kwangu siku hiyo hakuketi. Alisimama kando ya mlango, kikapu kikiwa bado mkononi, akayatazama maua niliyokuwa nimeyapanga juu ya kabati, juu ya televisheni, dirishani na hata juu ya friji. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ni nani amefariki hapa?"

Mpenzi msomaji, sitakuficha. Nilishikwa na hasira. Nilikuwa nimeweka akiba kwa miezi miwili ili kuyanunua maua hayo: mawaridi mekundu na ya manjano, mayungiyungi meupe na majani marefu ya kutambaa. Kila mgeni aliyewahi kupita hapo alikuwa ameyasifu. Lakini mama hakuwa akifanya mzaha. Kijijini kwetu maua ya plastiki huonekana mahali pamoja tu, yaani juu ya jeneza na juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka.

Isitoshe, mama hakuwa amekuja matembezi. Alikuwa amekuja kunisaidia kumwuguza kitinda mimba wangu, mtoto wa miaka minne, ambaye kifua kilikuwa kimemnyima usingizi kwa siku tatu. Kuulizwa swali kama hilo huku mtoto akikohoa chumbani si jambo dogo.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu mara kwa mara mimi huulizwa na wasomaji, hasa wale walioanza maisha mjini juzi juzi: Je, ni ushamba kupamba nyumba kwa maua bandia? Wengine huuliza kama ni kweli maua hayo yana madhara. Leo nitajaribu kuyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja, nikianza na lile la kwanza.

Si ushamba

Wanaoyacheka maua ya plastiki mara nyingi ni watu wenye ua la nyuma, bomba lisilokauka na mtunza bustani. Wengi wetu hatuna. Tunaishi katika nyumba za kupanga ambazo dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, na taa huwashwa saa nane mchana. Maji huja kwa zamu, na yakija, ya kwanza ni ya kupikia, ya pili ni ya kufulia na kuoga. Roshani, kama ipo, ina kamba za nguo, mtungi wa gesi na ndoo. Ukienda mashambani Desemba kwa wiki tatu, hakuna atakayekunywesha mmea wako maji. Na wewe mwanafunzi unayeishi chumba kimoja na wenzako watatu, huenda huna hata dirisha la kuliita lako.

Katika mazingira kama hayo, mmea hai huwa mfungwa. Huanza kwa kurefuka shingo ukitafuta mwanga, majani yakawa ya manjano, yakaanguka moja moja, na mwishowe mwenye nyumba hubaki na mkebe wa udongo mkavu ambao watoto huugeuza pipa la maganda. Kati ya mmea unaokufa polepole na jani la plastiki lililo safi, mimi nitachagua la plastiki.

Usidhani pia kwamba hii ni tabia iliyozuka jana. Watu wametengeneza maua kwa hariri, kwa nta na kwa karatasi kwa karne nyingi kabla ya plastiki kuwako. Plastiki ilipoingia, bei ilishuka na maua yakaingia nyumba za watu wa kawaida. Katika miaka ya 1950 mji wa Hong Kong uligeuka kuwa kiwanda kikubwa cha maua hayo. Mmoja wa waliofaidika ni Li Ka-shing, aliyefungua karakana yake ya vitu vya plastiki mwaka wa 1950, akaingilia utengenezaji wa maua, na faida yake akaitia katika majumba na ardhi. Baadaye alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa zaidi barani Asia. Kwa hivyo, ua analolidharau jirani yako liliwahi kuwa msingi wa utajiri.

Kinachochekesha kidogo ni hali yetu sisi Wakenya. Mawaridi yanayolimwa Naivasha husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na Uingereza kupamba meza za watu wa huko, ilhali meza zetu zimepambwa kwa mawaridi ya plastiki yaliyotoka ng'ambo. Lakini waridi halisi lililokatwa hudumu wiki moja hivi ndani ya maji, halafu huna budi kununua jingine. Kwa mtu anayehesabu nauli, hesabu hiyo haina ugumu.

Suala la hewa

Kuna wanaosema kwamba mmea hai husafisha hewa ya nyumba na kwamba anayeweka plastiki ananyima jamaa yake afya. Habari hizi zilienea sana baada ya mwaka wa 1989, wakati shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilipotoa matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kuwa mimea inaweza kupunguza baadhi ya gesi zenye sumu. Jambo ambalo wengi hawakuambiwa ni kwamba majaribio hayo yalifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa.

Mwaka wa 2019 wataalamu wawili wa Marekani waliyapitia upya majaribio mengi ya aina hiyo. Walikadiria kwamba ili mimea ifanye kazi ya kusafisha inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 katika kila mita mraba ya sakafu. Nani ana nyumba kama hiyo? Hiyo si sebule, ni Msitu wa Karura! Kama shida yako ni hewa, fungua dirisha. Hilo halina gharama.

Zaidi ya hayo, mimea hai nayo ina hatari zake. Upo ule wenye majani mapana ya kijani yaliyonyunyiziwa madoa meupe, ambao wataalamu huuita Dieffenbachia na ambao hupendwa sana maofisini na majumbani. Mtoto akilitafuna jani lake, ulimi na midomo huvimba na kuwaka kama moto. Na kwa wasomaji wetu wa Pwani, kumbukeni kwamba mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, hupenda kutaga mayai katika maji machache yaliyotulia, kama yale ya ndani ya vase na ya kisahani cha chini ya chungu. Mombasa iliathiriwa na dengi mwaka wa 2013, na chikungunya ikaingia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Ua la plastiki halihitaji kisahani cha maji.

Lakini kuna vumbi

Sasa turudi kwa mama. Baada ya kunisikiliza nikimweleza kwa ukali kwamba hakuna aliyefariki na kwamba haya ni mapambo ya kisasa, alinyoosha mkono akapitisha kidole juu ya jani moja. Akanionyesha kidole. Kilikuwa cheusi.

"Umesema hayahitaji maji," aliniambia. "Sawa. Na mkono je?"

Hapo ndipo nilipokosa la kusema. Nilikuwa nimeyanunua maua hayo zaidi ya mwaka mmoja uliokuwa umepita. Nilikuwa nikipangusa meza kila siku na kufagia kila asubuhi. Maua sikuwahi kuyagusa. Kwa nini niyaguse na yalionekana mazima?

Hii, msomaji wangu, ndiyo tofauti kubwa kati ya mmea hai na ule wa plastiki. Mmea hai hukuita. Ukisahau kuutia maji, hulegea na kukulaumu mbele ya wageni. Kwa sababu hiyo huna budi kuusogelea mara mbili kwa wiki, na ukiusogelea utaona jani chafu, utaona mdudu, utaona utando wa buibui. Ua la plastiki halilalamiki. Litavumilia vumbi la mwaka mzima huku likitabasamu, nawe utadhani kila kitu ki sawa.

Mama alipoingia chumba cha watoto alinyamaza tena. Ukutani, juu kabisa ya kichwa cha kitanda cha mgonjwa wetu, nilikuwa nimetundika shada la majani ya kutambaa. Niliona linapendeza. Siku mbili kabla ya hapo, daktari wa zahanati alikuwa ameniuliza maswali mengi: Je, kuna kapeti chumbani? Mnapika kwa makaa ndani ya nyumba? Kuna paka? Mtoto hulala na mwanasesere wa manyoya? Yote niliyajibu kwa hapana, tena kwa fahari. Shada la majani halikunijia akilini.

Tuliliteremsha jioni ile ile. Tulipolitia ndani ya karai, maji yaligeuka rangi ya chai ya mkandaa.

Sisemi kwamba majani hayo ndiyo yaliyomletea mtoto wangu pumu. Pumu ina sababu nyingi, na aliyemtuliza ni daktari kwa dawa za kuvuta, wala si mimi kwa karai. Lakini kila anayeujua ugonjwa huo anajua kuwa vumbi humchokoza aliye nao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelitundika vumbi la mwaka mzima juu ya pua ya mwanangu, nikaliita pambo. Tangu siku hiyo ukuta ule uko wazi, na hauna ubaya wowote.

Namna ya kuyaosha

Kazi yenyewe si kubwa ukiifanya mara kwa mara. Kila wiki, siku unayopangusa madirisha, chukua brashi laini ya kupakia rangi, ambayo haijawahi kutumika, ukung'ute majani kuanzia juu kwenda chini. Fanyia kazi hiyo nje au roshani, si sebuleni, la sivyo utakuwa umelihamisha vumbi tu. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, asiwe karibu.

Mara moja kwa mwezi, yaoshe. Maua ya plastiki tupu yatie ndani ya karai la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya unga, uyachezeshe, halafu uyasuuze. Usitumie maji ya moto kwani majani hujikunja yasirudi. Yaning'inize kichwa chini kivulini hadi yakauke kabisa. Maji hayo ya suuza usiyamwage, yatafaa chooni.

Maua ya kitambaa yanataka uangalifu zaidi kwa sababu baadhi yake huchuja rangi, na gundi yake huachia ikilowa. Jaribu kwanza jani moja la nyuma kwa kitambaa chenye unyevu. Likichuja, tumia chumvi. Tia vikombe viwili vya chumvi ya mawe ndani ya foronya kuukuu, ingiza maua yakiwa na vichwa chini, funga mdomo kwa mkono, kisha utikise kwa dakika mbili. Chumvi hubeba vumbi. Ukiitazama baadaye utaona ilivyobadilika rangi. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki kwa kazi hii, lakini tangu mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017, foronya inatosha na ni nzuri zaidi.

Mahali pa kuyaweka

Kosa nililolifanya mimi, na ambalo naliona katika nyumba nyingi, ni kuyatapanya kila mahali. Maua kumi madogo juu ya kila kitu huifanya sebule ifanane na duka, au kama alivyosema mama, matanga. Mmea mmoja mkubwa katika kona, wenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, hupendeza kuliko vase kumi.

Weka ua la plastiki mahali ambapo mmea hai usingeishi: ukumbi wa kuingilia usio na dirisha, kona yenye giza nyuma ya kochi, bafuni, ngazini. Hapo halishindani na mtu. Usiliweke dirishani penye jua kali. Jua hula rangi. Waridi jekundu huwa la waridi hafifu, na jani la kijani huwa la samawati kabla ya mwaka kwisha.

Usiliweke kamwe jikoni karibu na meko. Kwanza, mvuke wa mafuta hushikana na vumbi ukawa gundi isiyotoka. Pili, na hili ni kubwa zaidi, plastiki na kitambaa hicho hushika moto upesi na moshi wake una sumu. Umeme ukipotea usiku na mkawasha mshumaa au koroboi, hakikisha hakuna majani ya kuning'inia karibu. Vile vile, kama una mtoto anayetambaa, epuka yale yenye matunda madogo ya plastiki. Hung'oka, na mtoto hulipeleka kila kitu kinywani.

Wakati wa kununua

Ukienda Kamukunji, Eastleigh au katika duka lolote la vyombo, usiharakishe kuchukua lile linalong'aa zaidi. Mmea wa kweli haung'ai kama kiatu kilichopigwa rangi. Tazama kama majani yana ukubwa mmoja na rangi moja. Ya kweli hutofautiana, mengine machanga, mengine yaliyozeeka, na mtengenezaji hodari huyaiga hayo. Kunja shina taratibu. Likiwa na waya ndani litabaki ulivyolikunja, nawe utaweza kuliachanisha matawi nyumbani badala ya kuliacha lilivyobanwa kwenye boksi. Yaepuke mawaridi ya buluu na yale yaliyodondoshewa gundi ili ionekane umande.

Halafu fikiria chungu. Mimea mingi ya aina hii huuzwa ikiwa imesimikwa katika mkebe mwepesi wenye saruji kidogo, ambao huanguka mtoto akiugusa. Nunua chungu cha udongo kutoka kwa wale wanaouza miche na vyungu kando ya barabara, kama vile Barabara ya Ngong hapa Nairobi. Uingize mkebe ndani, ujaze mawe pembeni ili uzito uwe chini, kisha ufunike juu kwa kokoto safi. Chungu kizuri hulifanya hata jani la bei nafuu liheshimike. Na usisahau kuyaosha siku hiyo hiyo uliyoyanunua, kwani yamekaa njiani na dukani muda mrefu.

Jambo la mwisho ni kwamba plastiki isikufanye usahau kile isichoweza kukupa. Jamaa zetu wa Lamu na Mombasa wanaopenda asumini na mrehani hawapendi rangi tu, wanapenda harufu. Hakuna kiwanda kilichoweza kutia jioni ya asumini ndani ya plastiki. Kama una kidirisha kimoja tu kinachopata jua la asubuhi, hicho kiachie kitu chenye uhai, hata kama ni dania ndani ya mkebe.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mgeni ataliona ua lako akiwa mlangoni, lakini wenye nyumba ndio wanaopumua humo usiku kucha.

Mama alikaa nasi wiki mbili. Mtoto alipopata nafuu, mama alifunga kikapu chake akarudi nyumbani. Maua hakunitupia. Yale mazuri tuliyaosha, tukayapunguza, na mti mmoja mkubwa umesimama katika kona ya ukumbi mpaka leo. Lakini miezi miwili baadaye alinitumia furushi kwa basi. Ndani, pamoja na maharagwe, kulikuwa na mche wa mshubiri uliofungwa kwa gazeti, ule ambao kwetu huwekwa katika maji ya kuku. Niliupanda ndani ya sufuria iliyotoboka, nao uko dirishani.

Siku hizi akipiga simu huuliza kwanza hali ya mtoto. Kisha huuliza hali ya mshubiri. Na kabla hajakata, huuliza akicheka: "Na wale marehemu wako, umewaosha?"

Nami nakuuliza hivyo hivyo, msomaji wangu. Kabla hujaliweka gazeti hili chini, nenda ukapitishe kidole juu ya jani moja. Tukutane Jumapili ijayo.